Kundi Lisilomtaka Msichana Ajifiche: Vijana wa Kike Wenye Usonji na Haja ya Urafiki

Mwaka 2017 watafiti watatu wa Marekani, Michelle Dean, Robin Harwood na Connie Kasari, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika mahali ambapo madaktari hawafiki mara nyingi: uwanja wa shule wakati wa mapumziko. Waliwatazama watoto wenye usonji na wasio na usonji wakicheza. Mvulana mwenye usonji alitambulika upesi, kwa kuwa aghalabu alikaa peke yake. Msichana mwenye usonji hakutambulika. Alisimama karibu na wenzake, akaingia katika mchezo na kutoka, akahama kutoka kikundi kimoja hadi kingine. Kwa mtu anayetazama kwa mbali, alikuwa mtoto kama watoto wengine. Ilihitaji jicho la makini kuona kwamba muda mwingi hakuwa mchezoni. Alikuwa kando ya mchezo, akiuzunguka.

Msichana huyo yuko pia katika kliniki za Afrika Mashariki, ingawa si kila mara hupewa jina lake. Huletwa akiwa na miaka 13 au 14 kwa maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, kwa kukosa usingizi, au kwa kugoma ghafla kwenda shule. Walimu husema ni mpole na hana shida. Mama husema kwamba mtoto huyo mpole akifika nyumbani hujifungia chumbani na kulia hadi jioni. Vipimo havionyeshi kitu. Huandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani, na Jumatatu inayofuata huvaa tena sare yake na ule upole wake.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Hugusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na anavyoshikamana na utaratibu au na mambo anayoyapenda. Hausababishwi na malezi mabaya, wala laana ya ukoo, wala chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa jambo la wavulana: kati ya watoto 11 walioelezwa na Leo Kanner mwaka 1943, wasichana walikuwa 3 tu, na Hans Asperger, mwaka mmoja baadaye, alieleza wavulana 4 bila msichana hata mmoja. Ni wachache wanaokumbuka kwamba daktari wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, alikuwa amekwisha kuandika juu ya wasichana mwaka 1927. Uchambuzi wa tafiti 54, uliotolewa mwaka 2017 na Rachel Loomes na wenzake, ulionyesha kwamba uwiano unakaribia wavulana watatu kwa msichana mmoja, si wanne kwa mmoja kama ilivyozoeleka kusemwa, na kwamba wasichana wamo katika hatari kubwa zaidi ya kukosa kutambuliwa.

Gharama ya kujificha

Kujificha ni kazi ngumu. Msichana hukariri lini acheke, amtazame mtu machoni kwa muda gani, mikono aiweke wapi, aseme nini akiulizwa habari za wikendi. Huiga sauti ya mwenzake anayependwa darasani. Huzuia vidole vyake visizunguke na mwili wake usijitikise, ingawa mienendo hiyo ndiyo inayomtuliza. Afanyapo hivyo kwa saa nane kila siku, haishangazi kwamba afikapo nyumbani hubaki hana nguvu. Nchini Uingereza, Sarah Cassidy na wenzake waligundua mwaka 2018 kwamba miongoni mwa watu wazima wenye usonji, kuficha huko kulihusiana na mawazo na vitendo vya kutaka kujiua. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayemwona msichana mpole mno, mchovu mno na asiye na rafiki wa karibu, amuulize waziwazi kuhusu huzuni na kuhusu kujiua. Swali hilo halipandikizi wazo ambalo halikuwapo.

Mambo huzidi kuwa magumu wakati wa balehe. Urafiki wa utotoni hujengwa kwa rede, kombolela na kuruka kamba, yaani michezo yenye kanuni ambazo kila mmoja anazijua. Urafiki wa ujanani hujengwa kwa maneno: siri, utani, kunong'onezana, kununa bila kusema sababu. Na katika jamii za pwani, ambako hata kanga iliyofungwa kiunoni hutuma ujumbe kwa jirani, maneno yenyewe mara nyingi hayasemi yanachosema. Msichana anayeyapokea maneno kama yalivyo huachwa nyuma bila kujua ni lini aliachwa.

Wapo wanaodhani kwamba huachwa kwa kuwa hataki marafiki. Utafiti wa Felicity Sedgewick, Vivian Hill na Elizabeth Pellicano, uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, unapinga dhana hiyo: wasichana wenye usonji waliohojiwa walikuwa na hamu ya urafiki kama ya wasichana wasio na usonji, ila walikutana na migogoro mingi zaidi katika urafiki huo.

Darasa la adabu au mahali pa kukaa?

Hospitali au shule inapoamua kuwasaidia, wazo la kwanza huwa ni kuanzisha darasa la stadi za kijamii: namna ya kuanza mazungumzo, namna ya kuomba kujiunga na wenzako, namna ya kujibu dhihaka. Mafunzo ya namna hiyo hayafai kubezwa. Programu iitwayo PEERS, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel, imejaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi tangu jaribio lao la mwaka 2009, na vijana walioipitia waliongeza maarifa yao na mara za kukutana na wenzao.

Lakini yapo mashaka ya haki. Msichana ambaye tayari ni bingwa wa kuiga, akiongezewa mistari mingine ya kukariri, huenda atoke darasani akiwa amejificha vizuri zaidi. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye na usonji kuna pande mbili: kila mmoja hushindwa kumsoma mwenzake, ila ni mmoja tu anayepelekwa kutibiwa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake, mjini Edinburgh, walijaribu jambo hilo kwa hadithi iliyopokezanwa kutoka mtu hadi mtu. Misururu ya wenye usonji peke yao iliihifadhi hadithi sawasawa na ile ya wasio na usonji. Iliyopoteza zaidi ni misururu iliyochanganywa. Utafiti mkubwa zaidi uliotolewa mwaka 2025 haukuiona tena tofauti ya misururu iliyochanganywa, kwa hiyo asijitokeze mtu kudai kwamba watu hawa wanapaswa kutengwa. Kilichosimama katika tafiti zote mbili ni kwamba watu wenye usonji, wakiwa pamoja, huwasiliana vizuri tu.

Ipo sababu nyingine ya kuwa na tahadhari, nzito kuliko hizo, nayo haizungumzwi vya kutosha katika vikao vya wazazi. Msichana mwenye usonji mara nyingi hulelewa kwa kusifiwa utii. Nitazame machoni. Mkumbatie mjomba. Usivute mkono. Tabasamu. Kila anapolalamika kwamba nguo inakwaruza, kwamba sauti inaumiza, kwamba hapendi kushikwa, huambiwa ni kitu kidogo. Baada ya miaka kumi ya malezi hayo amejifunza somo moja kwa ukamilifu: kinachohisiwa na mwili wake hakihesabiwi, na mkubwa akitaka jambo, hutii. Mnyanyasaji hahitaji kumfundisha kitu kingine. Nchini Ufaransa, Fabienne Cazalis na wenzake waliwahoji wanawake 225 wenye usonji. Katika matokeo ya mwaka 2022, karibu 9 kati ya kila 10 walieleza kuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Walikuwa wanawake waliojitolea kujibu, kwa hiyo idadi hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ya wanawake wote wenye usonji. Hata ikipunguzwa nusu, inatosha kumkosesha usingizi mzazi yeyote.

Ndiyo maana kundi linalofaa halianzi kwa kufundisha salamu. Linaanza kwa kuliheshimu neno "hapana". Wala neno hilo halifundishwi kwa mhadhara. Hufundishwa kwa kutiiwa. Msichana akisema leo hatachora, asibembelezwe kwa "jaribu kidogo tu, mwanangu". Akisogeza kiti chake mbali, kiti kibaki hapo. Akikataa kushikwa mkono, mratibu arudishe mkono wake bila kununa na bila kumwangalia mama kwa macho ya lawama. Kila kukataa kudogo kunakoheshimiwa ni zoezi la siku ambayo atahitaji kukataa jambo kubwa.

Chumba, saa na salamu

Wasichana wanne hadi sita wanatosha kuanza. Wa miaka 12 wasichanganywe na wa miaka 17, kwa maana mambo yanayowashughulisha ni tofauti. Si lazima wote waweze kuzungumza. Asiyetamka anaweza kuandika, kuonyesha kadi za picha, au kutumia simu, na sauti ya aina hiyo ipewe muda wake kama sauti nyingine yoyote.

Chumba kina uzito kuliko mtaala. Paa la bati lisilo na dari, mvua inaponyesha, linaweza kuivunja siku nzima. Vivyo hivyo feni inayogonga, taa ya mirija inayomemeta, na harufu kali ya dawa ya kusafishia sakafu. Mratibu akae humo peke yake nusu saa kabla ya siku ya kwanza, asikilize. Mwanga wa dirisha ukitosha, taa zizimwe. Pembe moja iwekwe mkeka na mto, ikijulikana kwamba aliyekwenda hapo hafuatwi wala haulizwi. Chumba cha wodi au cha kliniki anakochomwa sindano kisitumike, hata kama ndicho kilicho wazi.

Saa ikiandikwa saa nne kamili, kundi lianze saa nne kamili. Mazoea ya kusubiri watu watimie, ambayo mikutano mingi ya huku imeyakubali kama hali ya hewa, humtesa msichana ambaye amejiandaa tangu alfajiri kwa ajili ya saa nne. Jumamosi asubuhi hufaa kuliko jioni ya siku ya kazi, kwa kuwa daladala iliyojaa, yenye muziki na kusukumana, inaweza kummaliza nguvu kabla hajafika. Wiki moja kabla ya kikao cha kwanza, kila familia ipelekewe ukurasa mmoja wenye picha ya lango, picha ya chumba, picha za waratibu, orodha ya yatakayofanyika kwa mfuatano, choo kilipo, na saa ya kumaliza. Gharama yake ni karatasi na wino.

Salamu nazo zahitaji makubaliano. Wasichana wengi wenye usonji wameitwa wasio na adabu kwa sababu hawakuamkia, au waliamkia huku wakitazama ukuta. Ndani ya kundi, kupunga mkono kuhesabiwe kuwa shikamoo, kugonga meza mara moja vilevile, na kuingia kimya pia. Wazazi waelezwe hivyo mapema, la sivyo mama atamvuta mtoto kwa bega mlangoni, "msalimie daktari!", na kikao kitakuwa kimeharibika kabla ya kuanza.

Mikono kwanza, maneno baadaye

Daniel LeGoff, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2004, aliona watoto wenye usonji ambao kwa kawaida hawakusemezana wakichangamkiana walipokutana na matofali ya kuchezea ya Lego. Kutokana na hilo alijenga kundi la tiba ambamo kila mtoto ana kazi yake katika ujenzi mmoja. Wengi wa watoto wake walikuwa wavulana, lakini kanuni yenyewe haina jinsia: shughuli inayoweka macho na mikono kazini humwondolea mtu mzigo wa kutazamana, na mazungumzo huja yenyewe kupitia ile shughuli.

Shughuli ichaguliwe na wasichana, na mapenzi yao yachukuliwe kwa uzito. Mmoja atataka paka, mwingine katuni za Kijapani, mwingine ramani za mabasi, mwingine ushanga na rangi zake. Kusukana nywele kunaonekana kuwa chaguo la asili kwa kundi la wasichana, ila kwa baadhi yao kuguswa kichwani ni maumivu. Mwanasesere wa kusuka hutatua tatizo hilo. Dakika 90 zinatosha, na kati ya hizo kuwe na muda ambao hakuna linalotakiwa. Wasichana wawili wanaoshona bega kwa bega bila kusema neno wako pamoja, na mratibu asiye na usonji ndiye anayepaswa kujifunza kukivumilia kimya hicho.

Katika Chuo Kikuu cha Kansas, Rene Jamison na Jessica Schuttler walibuni kundi la wasichana balehe wenye usonji, waliloliita Girls Night Out. Wasichana hao hukutana na wenzao wasio na usonji katika maeneo ya kawaida ya jamii, na hujifunza mambo ya aina tatu: kuhusiana na wengine, kujitunza, na kujiamulia. Lililo zuri la kuazima hapo ni kutoka nje ya jengo la tiba. Kundi likishazoeana linaweza kwenda maktaba, saluni kabla haijafunguliwa kwa wateja wengine, au sokoni asubuhi mapema. La kuangalia ni uteuzi wa hao wenzao. Msichana anayekuja "kuwasaidia wagonjwa" na kupigwa picha akiwasaidia asialikwe. Anayependa paka kama wao, aje.

Yasemwe kwa majina yake

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utaratibu wa kumpatia msichana aliyebalehe somo au kungwi, mwanamke wa kumfunulia yale ambayo mama huona haya kuyasema. Ngoma na makelele ya unyago huenda yakamwumiza msichana mwenye usonji, lakini wazo la mtu mmoja maalumu, anayeaminika, anayeeleza mambo ya mwili bila haraka, linamfaa kuliko linavyomfaa msichana mwingine yeyote. Tatizo ni lugha. Akiambiwa amevunja ungo, anaweza kuapa kwamba hakuugusa. Akiambiwa ataingia mwezini kila baada ya siku 28, ana haki ya kuuliza ataingiaje. Kwake damu iitwe damu, hedhi iitwe hedhi, na viungo vya siri vitajwe kwa majina ambayo ataweza kuyatumia siku akihitaji kueleza kwamba ameguswa.

Hedhi ifundishwe kwa vitu halisi kabla haijaanza: pedi kadhaa za aina mbalimbali zifunguliwe mezani, zimwagiwe maji yenye rangi, zivaliwe juu ya chupi ya majaribio, ili kila mmoja ajue ipi inakwaruza na ipi inavumilika. Kalenda yenye alama husaidia. Ijulikane pia ni nani shuleni wa kuambiwa, kwa jina, na kama hayupo, nani wa pili. Msichana asiyesema maumivu yake huenda akaonyesha kwa kujipiga au kulipuka kwa hasira siku zile zile kila mwezi; kalenda hiyo hiyo itamwonyesha daktari.

Usalama ndani ya kundi usiachiwe nia njema. Waratibu wawe wawili au zaidi, wanawake waliochunguzwa mwenendo wao, na kama yupo mwanamke mzima mwenye usonji aliye tayari, awe mmoja wao na alipwe kama wenzake. Mtu mzima asikae na msichana mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Siri kati ya mtu mzima na msichana zisiwepo. Akieleza kwamba ametendewa ukatili, asikilizwe bila kukatizwa na bila kurudiarudia maswali, aandikiwe maneno yake kama alivyoyasema, na taarifa ifike kwa ofisa ustawi wa jamii na, kwa Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya.

Kundi halichukui nafasi ya matibabu. Kifafa, sonona na wasiwasi uliopitiliza ni vya kawaida zaidi kwa watu wenye usonji, na vina tiba. Wala halihitaji kusubiri cheti cha utambuzi, ambacho huchelewa kwa sababu wataalamu ni wachache na wako mbali. Muuguzi, mwalimu wa kitengo maalumu na mama wawili wanaweza kuanza. Mama hao, wakisubiri nje, watakuwa kundi lingine bila kupanga. Wakumbushwe kuteta mbali na dirisha, maana masikio ya ndani ni makali.

Mafanikio yasipimwe kwa idadi ya mara msichana alizotazama watu machoni. Mzazi aulizwe alilalaje usiku wa baada ya kikao, na kesho yake alikuwaje. Akichoka kuliko siku ya shule, kuna kitu chumbani kinachomlazimisha kujificha, na kitafutwe. Aulizwe kama mtoto amewahi kutaja jina la mwenzake nyumbani. Mratibu naye aandike kila "hapana" aliyoisikia na kilichofuata baada yake. Wapo watakaosimama mlangoni wiki tatu, mkoba begani, wakitazama tu. Kwa hao kiti kiwekwe pale pale mlangoni, na majina yao yaandikwe kwenye ratiba ya Jumamosi inayofuata.